Ushauri: msimamizi kaandika "quite good" kwenye barua yangu ya skolashipu, ni sifa au kanizika?

Nandete: Wakuu habarini. Msimamizi wangu wa utafiti kaniandikia barua ya mapendekezo, humo kasema "quite good". Kamusi moja inasema ni "sana", nyingine inasema "kiasi". Usingizi umekata. Nibaki na barua hii au nitafute mtu mwingine?

Mzee wa Kigamboni: Mwanangu, enzi zetu barua ilisema "ni mtiifu" na kazi unapata. Sali, ulale.

ticha_Moro: Dada, huyo msimamizi ni mtu wa wapi? Mmarekani akisema "quite good" kakusifu, ni nzuri sana. Mwingereza mara nyingi anamaanisha nzuri kiasi, inaridhisha. Akiongea na kulikazia sauti hilo "quite", ujue "lakini" iko njiani.

Nandete: Mwingereza.

Bwashee: Pole, umeliwa. Bosi wangu Mwingereza alionja pilau ya mke wangu akasema "quite nice". Mama watoto kwa furaha akamjazia sahani ya pili. Jamaa alikula huku jasho linamtoka.

Kichuguu: Hii chai. Barua za skolashipu mdhamini huzipakia mwenyewe kwenye mfumo, mwombaji hazioni. Wewe umeionaje?

Nandete: Si chai, mkuu. Alinitumia rasimu nihakiki tarehe za kazi ya uwandani.

Kichuguu: Haya, bandika sentensi nzima.

Nandete: "Her fieldwork was quite good and her analysis quite exceptional."

ticha_Moro: Mbona hilo la pili ulilificha! Neno linalofuata ndilo linaloamua. "Good" ina ngazi, kitu kinaweza kuwa kizuri kidogo au zaidi, ndiyo maana "quite" inaipunguza. "Exceptional" iko kileleni tayari, kama "perfect" au "impossible". Hapo "quite" ni "kabisa", hata kwa Mwingereza, na hiyo ndiyo maana yake ya zamani. Uwandani kakupa wastani, kwenye uchambuzi kakupandisha juu kabisa. Skolashipu ni ya nchi gani?

Nandete: Marekani.

ticha_Moro: Basi wasomaji wa kule wataona sifa mbili. Tulia.

Nandete: Asante ticha, ila nimeshamwomba mhadhiri mwingine, kakubali, na jina lake nimeliingiza kwenye mfumo. Mfumo unafungwa Ijumaa. Nikikosa nakosa mimi, si nyie. Nisingeweza kukaa nasubiri kamusi zikubaliane.

Mzee wa Kigamboni: Na huyo wa kwanza umemwambia?

Nandete: Shikamoo mzee. Bado.

Kichuguu: Fomu inataka wadhamini wangapi?

Nandete: Watatu. Nimejaza wawili, Mwingereza nilimtoa.

ticha_Moro: Nafasi ipo, mrudishe leo leo. Na umjibu kuhusu zile tarehe, anasubiri.