Visamaki vya sharubu nilivyonunua Dar, ni kambale gani hawa?

Fundi wa Makorora
Habari zenu wadau, naombeni msaada. Niko Tanga nafuga gapi (guppy, vile visamaki vya mapambo) kwenye tanki la lita 60 sebuleni. Juzi nilikuwa Dar nikakuta muuzaji ana visamaki vidogodogo, akasema ni kambale wa Amerika Kusini, nikabeba sita. Sasa mama watoto hana raha kabisa, anasema kambale ni kambale tu, wakikua watatumalizia gapi wote, na mimi sina la kumjibu maana huyu kambale wetu wa mtoni akishiba miaka anapita mita. Wenyewe wana kama sentimita mbili na nusu, rangi ya fedha na mstari mweusi ubavuni. Halafu kuna hili linanitisha, mara kimoja kinachomoka mbio mpaka juu, kinagusa hewa kinarudi. Wanakosa pumzi au? Picha imenishinda, hawatulii.

kisosora
Mkuu hao ni oto, Otocinclus, wanakula ukoko wa kijani kwenye kioo. Mstari mweusi ndo alama yao, usiwe na shaka.

Bint Chumbageni
Kaka usikimbilie oto, mstari peke yake hautoshi. Mdomo wa oto uko chini kama kisahani, ananata kwenye kioo muda mrefu anakwangua. Wewe umesema wana sharubu, mi naona ni Corydoras, kambale wadogo wa huko huko Amerika Kusini. Tazama mgongoni, nyuma ya lile pezi kubwa, karibu na mkia, kuna kipezi kidogo cha pili? Oto hana hicho, Corydoras anacho. Na ubavu wake sio ngozi tupu inayoteleza kama kambale wetu, amevaa mifupa safu mbili kila upande imepandana kama vigae vya nyumba. Hiyo ya kupanda juu usiogope, anameza hewa anaivuta kwa utumbo, ndo maumbile yake, ila wakipanda wote mfululizo hapo badilisha maji.
Corydoras wadogo wa size hiyo wako watatu wanaochanganya watu. Hastatus ana doa jeusi shinani mwa mkia limezungukwa na weupe. Habrosus mstari wake umekatikakatika kama madoa na anapenda kukaa chini. Pygmaeus mstari mmoja mzima. Angalia vizuri utuambie.

Fundi wa Makorora
Dada asante sana. Jana usiku nilizima taa ya tanki nikaweka tochi ya simu kwa ubavuni, nikakaa kama nusu saa bila kutikisika. Kipezi cha pili kipo. Sharubu fupi mdomoni zipo. Mstari unaanzia puani, unapita kwenye jicho, unakwenda moja kwa moja mpaka shina la mkia, haukatiki. Na hawakai chini, wanaelea katikati ya maji wote sita wamegeukia upande mmoja.

Bint Chumbageni
Basi ni pygmaeus huyo, hata kuelea katikati ni tabia yake. Kwao ni mto Madeira huko Brazil, alipewa jina mwaka 1966. Ukitafuta mtandaoni utamkuta kama Corydoras pygmaeus na pia Gastrodermus pygmaeus, ni yuleyule, mwaka 2024 wataalamu waliligawa lile kundi kubwa. Mwambie wifi huyo ndo ameshakua, haongezeki zaidi ya sentimita tatu, gapi mkubwa hamuwezi, labda kitoto kilichozaliwa leo.
Kwa hapa Tanga mi naogopa joto na chumvi. Wanapenda kama digrii 22 mpaka 26, Februari tanki liweke mbali na dirisha. Maji ya kisima yenye chumvi usiwatilie. Na usiwavue kwa wavu, mapezi yana miiba inajifunga kwenye nyuzi, nilishawahi kumpoteza mmoja kwa kulazimisha kumnasua, iliniuma sana. Tumia kikombe.

kisosora
Nimekosea mimi, kipezi cha pili nilikuwa sikijui. Ila mkuu siku ukichoka nao mpe mtu, usimwage Mto Zigi. Sato wa Nile tulimpandikiza wenyewe, leo perege wa Pangani wanabanwa.

Fundi wa Makorora
Nimemsomea mama watoto, sasa yeye ndo anawalisha. Chini nina kokoto, nimeona zinawakwaruza sharubu. Mchanga wa ufukweni Raskazone unafaa?

Bint Chumbageni
Hapana kaka, ule una vipande vya makombe, utafanya maji yawe magumu, yaani yajae chokaa. Chukua mchanga laini wa mtoni, uoshe kwenye ndoo mpaka maji yatoke maangavu.