Ukoo wa Gede: Matembezi ya Mida

Mwanaisha, Jumatano, saa 2:10 usiku
Assalamu alaikum ndugu zangu. Nakumbusha tena kwamba Jumamosi hii tunakwenda kwenye hori ya Mida kutazama ndege na wadudu pamoja na watoto, na kwamba tutakutana njia panda ya Gede saa moja kamili asubuhi. Wale chamchanga wenye mdomo uliopinda, ambao kipindi chote cha kaskazi walikuwa wa kijivu, sasa wanageuka rangi ya tofali kifuani kwa kuwa wanajiandaa kurudi Siberia kuzaa, na Aprili ikiisha hatutawaona tena katika hali hiyo. Naomba kila nyumba iandike idadi ya watu wake.

Mwanaisha, Alhamisi, saa 1:32 asubuhi
Naona ujumbe umesomwa na karibu kila mtu, lakini hakuna aliyejibu.

Bakari, saa 3:05 asubuhi
Mimi nitakuja, kwa sharti kwamba safari hii Salim asiegemee mti wowote. Wale sisimizi wa maji moto walioingia ndani ya kanzu yake wangali wanasimuliana.

Salim, saa 3:09 asubuhi
Kanzu ile ilikuwa mpya, na aliyenielekeza niegemee pale ni wewe.

Zubeda, saa 3:11 asubuhi
Nimecheka hadi mtoto ameamka.

Mwanaisha, saa 3:20 asubuhi
Tafadhali tusitoke kwenye jambo lililopo. Maji moto nao ni sehemu ya matembezi, kwa sababu nataka watoto waone jinsi wanavyowashika mabuu wao na kutumia hariri yao kushonea majani ya kiota. Ninachouliza ni idadi ya watu, na pia ni nani atakayekuja na darubini.

Salim, saa 3:26 asubuhi
Darubini ya marehemu Mjomba Athumani iko wapi? Tuliambiwa imepelekwa Mombasa kutengenezwa kioo kabla ya arusi ya Zubeda, na Zubeda sasa ana watoto wawili.

Mjomba Hamisi, saa 6:48 mchana
Darubini iko salama. Sikuona sababu ya jambo hili kuletwa mbele ya watu wote.

Bakari, saa 6:50 mchana
Iko salama kuliko kanzu ya Salim.

Zubeda, saa 10:15 alasiri
Watoto wangu hawana habari na ndege, wanataka kereng'ende. Je, watakuwepo?

Mwanaisha, saa 10:22 alasiri
Mvua zikiwa zimeacha madimbwi, watakuwepo, maana ndimo wanamotaga. Waambie wamtafute yule wa rangi ya dhahabu, ambaye wataalamu wanaamini kwamba wenzake huvuka Bahari ya Hindi kutoka India, wakipitia Maldivi, na kutufikia huku mwisho wa mwaka wakibebwa na upepo. Bado sijapata idadi.

Khadija (Maskati), saa 5:40 usiku
Niwieni radhi, nilikuwa zamu. Wale ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, wanaovunja kaa pale Mida, huja kuzaa kwenye visiwa vya mchanga vya huku Uarabuni kuanzia majira haya ya machipuko. Huchimba shimo refu na kutaga yai moja jeupe, na joto la mchanga huwasaidia kuliatamia. Mkiwakuta wachache, jueni wengine wameshawaaga.

Babu Kombo, Ijumaa, saa 12:30 asubuhi
Wajukuu zangu, nimesomewa yote. Jumamosi ni bamvua, maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Saa moja asubuhi maji yatakuwa yanatoka, na hadi mfike kwenye mikoko ndege watakuwa wametawanyika mbali matopeni. Maji yataanza kurudi kabla ya adhuhuri, kwa hiyo mkiwa pale saa nane yatawasukuma ndege hadi ukingoni mlipo, bila ninyi kuwafuata. Mtoto asishuke matopeni, kwa sababu maji ya bamvua hujaza hori upesi kuliko mnavyodhani nyote, isipokuwa Hamisi, ambaye anajua. Na darubini iletwe. Athumani hakuinunua ikae sandukuni.

Mwanaisha, saa 2:04 asubuhi
Shikamoo Babu. Tumesikia.

Salim, saa 2:40 asubuhi
Shikamoo Babu. Tatizo langu ni kwamba Jumamosi niko dukani hadi saa kumi, na asubuhi ndiyo niliyokuwa nimeombea ruhusa.

Zubeda, saa 2:55 asubuhi
Na juzi mvua ilinyesha mchana kutwa.

Mwanaisha, saa 3:10 asubuhi
Basi tuseme saa saba na nusu njia panda, isipokuwa mvua ikianza mapema, na hapo tutazungumza upya. Salim aombe ruhusa nyingine. Tukichelewa kwa maji, tutaweza angalau kutembea juu ya daraja la kamba, ambalo kiingilio chake huwasaidia wanafunzi wa vijiji vya jirani kulipa karo. Mjomba Hamisi, je, nikutumie kijana aichukue darubini leo jioni?

Bakari, saa 3:12 asubuhi
Asivae kanzu.

Zubeda, saa 9:30 alasiri
Nyumba yetu tuandikeni watu wanne, au watano ikiwa mama mkwe atakubali.

Mwanaisha, saa 1:15 usiku
Mjomba Hamisi?