Mjadala: "Haki yako ni kazi, si matunda." Gita inamfaa mfanyakazi au inamfaa bosi?

Mpiga Randa (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam.

Kazini kwetu aliletwa mtoa mada wa kutupa hamasa. Watu walikuwa wanasubiri kuambiwa malimbikizo ya saa za ziada yanalipwa lini. Mgeni akawasha projekta, ikatokea picha ya gari la vita la farasi na maneno ya Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 2, ubeti wa 47: una haki juu ya kazi yako, huna haki juu ya matunda yake. Akasema hiyo ndiyo siri ya kuridhika kazini. Makofi yakapigwa. Malimbikizo hayakutajwa tena.

Mimi si Mhindu, ila Gita nimeisoma, na nasema jamaa alichukua jibu la mtu mmoja akampa mwingine. Arjuna, anayeambiwa maneno hayo, hakuwa kibarua. Ni mwana wa mfalme, mpiga upinde hodari, yuko katikati ya uwanja wa vita wa Kurukshetra, na upande wa pili wamesimama babu yake, walimu wake na binamu zake. Mikono inamlegea, anaweka upinde chini, anakaa ndani ya gari. Mungu Krishna, ambaye ndiye anayemwendeshea gari hilo, anamjibu. Pale hakuna anayedai mshahara. Kinachomkwamisha Arjuna ni hofu ya matokeo, na anaambiwa: tenda lililo wajibu wako, matokeo hayako mikononi mwako peke yako. Ubeti huohuo unamalizia kwa kumkataza asikumbatie kutotenda, na mtoa mada wetu kipande hicho alikikata.

Sasa ujira ni "matunda" ya namna hiyo? Mimi nasema hapana. Ujira ni makubaliano. Mwaka 1918 wafanyakazi wa viwanda vya nguo Ahmedabad, India, waligoma wakitaka nyongeza ya asilimia 35, na aliyewaongoza ni Gandhi, mtu aliyeishi na Gita hadi akaitafsiri kwa Kigujarati. Walipoanza kukata tamaa alifunga kula. Mwishowe msuluhishi akawapa ileile asilimia 35. Angekuwa anauelewa ubeti ule kama mgeni wetu, angewaambia warudi kwenye mashine.

Karibuni. Matusi ya dini za watu tuyaache nje.

Nesi wa Zamu

Kaka Mpiga Randa, kwenye malipo nakuunga mkono. Ila usiuweke ubeti ule pembeni haraka hivyo, kwa sababu kuna kazi ambazo bila wazo kama lile huwezi kudumu.

Niko wodi ya wazazi. Mama amejifungua saa nane usiku, damu haikati. Unamkanda mji wa uzazi, sindano ya oksitosini imeshaingia, mwenzako anatafuta mshipa wa pili wa kuweka dripu, mwingine yuko kwenye simu na benki ya damu. Kila kitu mmefanya kama mlivyofundishwa. Kuna usiku mama anapona, na kuna usiku haponi. Asubuhi unaripoti, kesho yake unarudi, na kuna mama mwingine.

Nimeona manesi wa aina mbili wakiharibika. Wa kwanza anabeba kila kifo kama kosa lake, baada ya muda analia chooni, halafu anaomba kuhamishiwa kliniki ya nje. Wa pili anajikausha moyo, anaanza kuwajibu wazazi vibaya, shida ya mtu haimgusi tena. Gita ninavyoielewa haiwataki wote wawili. Sura hiyohiyo ya 2, ubeti wa 50, inasema yoga (hapo ni nidhamu ya nafsi, si mazoezi ya viungo) ni ustadi katika kazi. Maana yake usilegeze mkono, ila usijifunge shingo kwenye matokeo. Huo ndio utulivu ninaoutafuta, na sikuupata kwenye semina.

Na posho ya zamu nadai kama kawaida, msinielewe vibaya. Manesi wa hospitali binafsi kule Kerala, India, mwaka 2017 waligoma mpaka kima chao cha chini kikapandishwa hadi rupia 20,000 kwa mwezi, na sidhani kuna aliyeona amemkosea Krishna.

Kijana wa Ubungo

Mkuu kumbe kutolipwa ni yoga? Mimi basi ni guru tangu mwezi wa tatu.

Sina Ukoo

Nyote mnaikosha Gita. Mnachagua ubeti mtamu, wale wachungu mnawaruka.

Sura ya 3, ubeti wa 35: heri wajibu wako mwenyewe hata ukiutenda kwa kasoro, kuliko wajibu wa mwenzio ukiutenda vizuri. Mtoa mada wa ofisini atakwambia hapo unaambiwa ufuate kipaji chako. Haya, sogea hadi sura ya 18, ubeti wa 41 hadi wa 44. Wajibu umegawanywa kwa makundi manne: Brahmin na elimu na utulivu, Kshatriya na ushujaa na utawala, Vaishya na kilimo, ng'ombe na biashara. Shudra amepewa kazi moja, kutumikia. Sasa mwambie mtoto wa Shudra kwamba maana ya maisha yake iko ndani ya wajibu wake, asitamani wa mwingine.

Ambedkar aliliona hili kutokea chini. Alizaliwa katika jamii ya walioitwa wasioguswa, akasoma hadi akapata udaktari Columbia na London, kisha akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Tarehe 25 Desemba 1927, pale Mahad, yeye na wenzake waliichoma hadharani Manusmriti, kitabu cha sheria za matabaka. Mwaka 1936 aliandaa hotuba ya kutolewa Lahore. Waliomwalika waliposoma alichoandika wakaufuta mkutano, naye akaichapisha kwa fedha zake. Humo anasema matabaka hayagawi kazi tu, yanagawa wafanyakazi wenyewe na kuwapanga juu na chini. Tarehe 14 Oktoba 1956 akauacha Uhindu, akawa Mbudha, pamoja na mamia ya maelfu ya watu, mjini Nagpur.

Mkidhani ni mambo ya kale, tarehe 3 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ya India ndiyo kwanza imetamka kwamba kugawa kazi gerezani kwa tabaka ni kinyume cha katiba. Kanuni za magereza katika majimbo kadhaa zilikuwa bado zinasema usafi wafanye wa jamii fulani, jikoni waingie wa tabaka la juu. Na kuzoa vinyesi kwa mikono kulipigwa marufuku kwa sheria ya 1993, ikabidi itungwe nyingine 2013, na bado watu wanafia kwenye mashimo ya majitaka. Kawahubirieni hao utoshelevu kazini.

Mpiga Randa

Ndugu Sina Ukoo, hoja nzito, na sura ya 18 siwezi kuifuta. Lakini soma pia 4:13, Krishna anasema makundi manne yamewekwa kwa sifa na matendo. Kuzaliwa hakutajwi pale. Na karibu na mwisho wa maneno yote, sura ya 18:63, anamwambia Arjuna: nimekueleza, litafakari lote, kisha fanya upendavyo. Mabosi hawaunukuu huo hata siku moja.

Sina Ukoo

"Kwa sifa na matendo." Sawa. Nani anazipima hizo sifa? Gerezani alikuwa anazipima mwenye daftari, kwa kuangalia jina la ukoo.

Mwana wa Duka

Jamani, nami nichangie, maana mimi ndiye Mhindu mnayemjadili. Nimezaliwa Dar, babu alitoka Gujarat, na duka la nguo tunalo hadi leo.

Mnazungumza kana kwamba Uhindu ni ubeti mmoja. Nyumbani tulifundishwa malengo manne ya maisha: dharma, yaani wajibu na uadilifu, artha, yaani mali, "kama", yaani raha na mapenzi, na moksha, kufunguliwa kutoka kwenye kuzaliwa upya. Mali imo! Haijawekwa chini ya zulia. Diwali, sikukuu yetu ya taa, mzee wangu anafungua daftari jipya la hesabu, lile la jalada jekundu, mbele ya picha ya Lakshmi, mungu wa mali, na Ganesh, mungu wa kuondoa vikwazo. Anachovya kidole kwenye unga mwekundu, anaandika Shri, neno la baraka, juu, halafu pembeni Shubh na Labh, yaani heri na faida. Siku hizi na laptopu ya hesabu inawekwa pale na kupakwa msandali, maana daftari limebaki la ibada tu. Sasa mtu anayeandika faida ukurasa wa kwanza mbele ya Mungu wake, mtamwambia dini yake inakataza kuhesabu matunda?

Kinachokatazwa, kwa jinsi mzee anavyotueleza, ni faida isiyo na heri. Maneno hayo mawili yanaandikwa pamoja.

Na kuna sherehe nyingine naipenda kuliko zote, Ayudha Puja, hasa India ya kusini. Fundi anaziosha koleo na nyundo zake, anazipaka msandali, anaweka maua, na siku hiyo hazifanyi kazi. Dereva anapamba basi lake. Kifaa kinapumzishwa na kuheshimiwa. Ukiniuliza maana ya kazi iko wapi katika dini yetu, nitakuonyesha hapo kabla ya semina yoyote.

Bi Mkubwa wa Tanga

Mwanangu Mwana wa Duka, umesema vizuri. Sisi Waislamu tuna hadithi: mpeni mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Haihitaji mtoa mada wala projekta. Kila dini ina neno la kumtuliza mnyonge na neno la kumbana tajiri, na atakayesimama mbele atachagua lile la kumfaa aliyemlipa nauli.

Kijana wa Ubungo

Na huko India kwenyewe wanavutana. Oktoba 2023 Narayana Murthy, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Infosys, alisema vijana wafanye kazi saa 70 kwa wiki kwa ajili ya taifa. Januari 2025 mwenyekiti wa kampuni ya ujenzi ya Larsen & Toubro akapandisha dau hadi saa 90, Jumapili imo, akauliza mtu akikaa nyumbani atamtazama mkewe hadi lini. Watu walimjia juu mtandaoni si mchezo. Hao ndugu zetu wangepumzisha nyundo kwanza kama alivyosema jamaa hapo juu.

Sina Ukoo

Mwana wa Duka, nimependa habari ya daftari, nakiri. Swali moja tu. Anayefagia duka lenu asubuhi na kubeba marobota, siku ya Shubh na Labh anapata nini?

Mwana wa Duka

Anapata boksi la peremende na boni ya mshahara wa mwezi mmoja, ndiyo desturi. Mshahara wake hauchelewi. NSSF alianza kukatwa baada ya mimi kugombana na mzee, na hoja niliyomshinda nayo ilikuwa hiyohiyo ya Shubh. Akanijibu ya Gita, kwamba mtoto afanye wajibu wake, vitabu vya hesabu amwachie yeye. Kwa hiyo hata ndani ya nyumba yetu huu mjadala haujaisha.