Vijana wa bodaboda wanamlisha mbwa wangu, niwaambieje?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naomba ushauri kuhusu mbwa wangu wa ulinzi. Vijana wa bodaboda wanaoniletea mizigo hapa nyumbani, Tabata, wamemzoea, na kila anayekuja lazima ampitishie kitu chini ya geti: kipande cha andazi, soseji, mifupa ya kuku wa kukaanga. Wengi wanampenda kweli, wengine wanamwogopa tu, wanataka atulie.

Ila mimi roho haitulii. Mfupa wa kuku uliopikwa ukivunjika unatoa ncha kali, unaweza kumchoma koo au utumbo. Chokoleti na vitunguu navyo ni sumu kwa mbwa. Kubwa zaidi ni wezi, maana hutanguliza nyama yenye sumu kabla ya kuruka ukuta. Na huyu wangu siku hizi akisikia pikipiki habweki tena, anakimbilia getini mkia unacheza, pua kaibana chini ya geti.

Niwaambieje bila kuwavunja moyo? Nibandike kibao, au wataona naringa? Na kuna aliyewahi kumfundisha mbwa aliyekwisha kukua asipokee chakula cha mgeni? Mlianzia wapi?