Naomba ushauri: watoto wanataka Dubai, mi nataka niwazungushe huku huku kwetu

Wakuu habari za jioni, naomba mnisaidie mawazo. Tunakaa Moshi, Desemba hii madogo wameng'ang'ania Dubai kisa wenzao shuleni wameenda, na mama yao nae ni kama anawaunga mkono vile. Mi naona ni uchizi, hawa watoto mlima wanauona dirishani ila hata geti la Marangu hawajawahi kulikanyaga!

Nilichowaza ni siku moja Chemka, ile chemchemi yenye maji unaona mpaka mizizi ya mikuyu huko chini na kuna kamba ya kujirushia (hapo najua nimewapata), afu Ziwa Chala pale mpakani na Kenya, tumalizie Hifadhi ya Arusha, maana pale unatembea kwa mguu na askari mwenye bunduki, nyati na twiga hao hapo, kuna mbega na flamingo wa Momella, na sisi raia kiingilio tunalipa kwa shilingi sio dola.

Sasa kagari kangu ni IST, iko chini sana. Ile njia ya vumbi kutoka Boma Ng'ombe kwenda Chemka mvua ikinyesha inapitika au nitafute noah ya kukodi? Na Chala kushuka mpaka majini mtoto wa darasa la tatu anaweza, maana ule ukuta wa kreta naskia umesimama kweli?

Afu huyu mkubwa wa kushinda kwenye simu, mnamshawishije? Msiniambie Zanzibar, tumeshaenda.