Uso umepooza upande, fomu imerudishwa: niandike tarehe ipi?

MGENI WA MWAKA WA PILI:
Shikamooni wakubwa zangu. Fomu ya likizo ya ugonjwa imerudi mara ya pili. HR (ofisi ya wafanyakazi) wanasema tarehe yangu ya kuanza kuugua na ya cheti cha daktari hazilingani. Jumapili niliumwa nyuma ya sikio la kushoto, nikadhani uchovu wa zamu. Jumatatu ulimi ukapoteza ladha upande huo, na kelele ndogo zikawa zinaniumiza sikio. Jumanne asubuhi napiga mswaki, maji yanachuruzika pembeni mwa mdomo, jicho halifumbi. Daktari kasema ni Bell's palsy, kupooza kwa neva ya uso upande mmoja. Mimi niliandika Jumapili, daktari kaandika Jumanne. Tena penye chanzo kaandika "hakijulikani", nao wanataka chanzo. Mwisho wa kurudisha ni Ijumaa. Tarehe ipi ni sahihi?

MZEE WA ZAMU YA USIKU:
Marahaba, pole sana mwanangu. Mimi ugonjwa huo ulinipata nikiwa na miezi minne ugenini. Nilijua ni kiharusi, nikajifungia chumbani siku nzima kwa kuogopa bili ya hospitali. Lilikuwa kosa kubwa. Wewe andika upepo, maana ndio unaoleta. Nilikuwa nalala dirisha wazi.

DADA MUUGUZI:
Mzee wangu, kwa heshima zote, asiandike upepo! Neva ya uso hupita kwenye mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio. Ikivimba humo haina pa kutanukia, inabanwa. Hushukiwa virusi vya vidonda vya mdomoni vilivyolala mwilini vikaamka, lakini kwa mgonjwa mmoja mmoja ni vigumu kuthibitisha. Ndiyo maana ya "hakijulikani", daktari hajazembea. Udhaifu hujikamilisha ndani ya siku tatu, na vidonge vya prednisoloni (dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe) vinatakiwa vianzwe ndani ya saa 72. Utafiti wa Scotland uliochapishwa 2007 ulionyesha hivi: baada ya miezi 9, waliopewa vidonge hivyo walipona kabisa 94 kati ya 100, wasiopewa 82 hivi. Na jicho, tafadhali: matone mchana, mafuta ya jicho na kulibandika usiku.

MAMA PACHA:
Dada, umeliruka paji la uso, na ndilo lenye kutisha. Mwambie ainue nyusi. Kwenye ugonjwa huu paji la upande huo nalo hulala, kwenye kiharusi mara nyingi hubaki linakunjika. Mimi ulinipata mimba ikiwa ya miezi minane, wakati ambao huwapata wajawazito zaidi. Ofisi ya vibali ikakataa picha yangu mara tatu, eti nisipinde mdomo. Nililia pale dirishani, mbele ya foleni nzima.

DADA MUUGUZI:
Sikuliruka, nilikuwa sijafika. Na mtu asijipime kwenye kioo nyumbani! Uso ukilegea ghafla, ita gari la wagonjwa, hasa kama mkono umekosa nguvu au maneno yanakwama. Daktari ndiye atakayetofautisha. Malengelenge yakitokea sikioni, rudi hospitali siku hiyohiyo, hiyo ni hali nyingine yenye dawa zake.

MZEE WA ZAMU YA USIKU:
Sijasema asimeze dawa. Nimesema yaliyonipata. Nilizima kamera wiki sita ili mama asinione, nikamwambia simu imeharibika. Ugonjwa uliisha, ule uongo bado unanichoma. Ofisi hizi hazijui kuwa mtu ana mama.

MAMA PACHA:
Kweli kabisa. Tungekuwa nyumbani, kuna mtu angekubandika hilo jicho kabla hujalala.

MGENI WA MWAKA WA PILI:
Asanteni, mmenitoa hofu. Prednisoloni nilianza Jumanne hiyohiyo, paji limelala kama alivyosema Mama Pacha, na mkono hauna shida. Ila kesho ndiyo Ijumaa na kisanduku ni kimoja. Jumapili au Jumanne?

MZEE WA ZAMU YA USIKU:
Mama yako ameshakuona?