Korti ya Nyuma: mpango wa Mama Ciku

Jumapili

19:12 Mama Brayo: Hamjambo majirani. Mama Ciku anafanyiwa upasuaji Alhamisi. Ana saratani ya titi: la kushoto linaondolewa lote pamoja na tezi za kwapani. Ameniruhusu niwaambie, ila ameomba yeye asiwekwe humu kikundini. Nimepanga hivi: Ijumaa sote twende wodini saa ya kuona wagonjwa, nimeshapata matatu ya watu 14. Jumamosi chama kinapika, Jumapili watu wa kanisa. Andikeni majina.

19:14 Baba Terry: Niko.

19:15 Shangazi Mwikali: Na mimi. Nitabeba uji wa wimbi.

19:23 Nesi Atieno: Mama Brayo, asante kwa kujipanga mapema, lakini hiyo matatu irudishe. Ijumaa bado atakuwa na usingizi wa dawa, pengine na kichefuchefu, na mrija wa kutolea maji ya kidonda uko ubavuni. Watu 14 wakisimama miguuni pa kitanda, yeye ndiye atakayewafariji nyinyi. Aende mmoja, aliyechaguliwa naye.

19:25 Nesi Atieno: Wagonjwa wa upasuaji huu huzidiwa mara mbili. Kwanza ni usiku wa kuamkia upasuaji. Pili ni kama wiki mbili baadaye: mrija umetolewa, wageni wamekwisha, sufuria za watu zimerudishwa, na ndipo anangoja majibu ya patholojia, yaani maabara ichunguze titi lililoondolewa. Majibu huchukua wiki moja hadi mbili, na vipimo vya hormoni na HER2 (protini ya seli za saratani) vinaweza kuongeza siku. Hayo ndiyo yanayoamua kama kuna kemo (dawa kali za saratani), mionzi au vidonge. Kwa hiyo kumwuliza "si sasa umemaliza?" ni kumtonesha.

19:27 Mama Brayo: Ala. Mimi nilikuwa nimejaza wikendi ya kwanza yote, huko kwingine kutupu.

19:28 Nesi Atieno: Pindua. Wikendi ya kwanza watu wachache, wiki ya pili na ya tatu kila siku mtu mmoja.

19:31 Shangazi Mwikali: Nimemshonea dera mbili avae akitoka.

19:33 Fatma Fizio: Shangazi, dera huvaliwa kwa kichwa, na mkono wa kushoto haupandi juu ya bega mrija ukiwa bado ndani. Zipasue mbele, utie vifungo au zipu hadi kiunoni. Mfuko wa ndani pia, upande wa kushoto chini ya kidonda, ndiyo chupa ya mrija ikae humo isining'inie. Ikining'inia inavuta ngozi pale iliposhonwa.

19:34 Shangazi Mwikali: Cherehani bado iko mezani. Nazipasua.

19:36 Fatma Fizio: Kisha mto mdogo, ukubwa wa mkate wa nusu kilo, laini. Akiwa garini unakaa kati ya mkanda na kifua. Matuta ya hapa kwetu mnayajua. Usiku unakaa chini ya mkono, naye alale chali au ubavu wa kulia.

19:40 Baba Terry: Huo mrija, nani atausimamia nyumbani? Baba Ciku anasema akiona damu anaanguka.

19:48 Nesi Atieno: Achaguliwe mwingine basi, asilazimishwe. Ikiwa ni chupa laini ya kuminya: nawa mikono kwa sabuni, fungua kizibo, mimina kwenye kikombe cha kupimia, soma mililita, andika tarehe, saa na rangi. Halafu minya chupa hadi ibonyee kabisa na uizibe ikiwa bado imebonyea. Wengi huiachia kabla ya kuziba, inajaa hewa na haivuti tena. Maji yanabaki chini ya ngozi, kidonda kinavimba.

Ikiwa ni chupa ngumu ya wodini, usiifungue. Piga alama ya kiwango kwa kalamu kila asubuhi saa ileile, uandike tarehe.

19:50 Nesi Atieno: Rangi huanza nyekundu, ikawa waridi, mwisho manjano kama majani makavu. Madaktari wengi hutoa mrija ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo. Ndiyo maana daftari lina maana. "Naona imepungua" haitoshi kliniki.

19:52 Baba Terry: Na ikiacha kutoa ghafla?

19:55 Nesi Atieno: Mara nyingi ni bonge la damu limeziba. Wodini waombeni wawaonyeshe kukamua mrija: mkono mmoja unashikilia karibu na ngozi, vidole vya mwingine vinateremka vikiminya kuelekea chupa. Mpigieni daktari siku hiyohiyo mkiona homa ya 38 au zaidi, wekundu unaotambaa, usaha au harufu. Chupa ikijaa damu nyekundu mbichi kwa muda mfupi, msipige simu mkangoja, mpelekeni dharura.

20:02 Mama Brayo: Kazi za nyumbani je? Anasema baada ya siku tatu atajipikia.

20:06 Fatma Fizio: Ugali asisonge. Asikamue nguo, asibebe mtungi wa lita 20, asimbebe Ciku mgongoni, hata akijisikia yuko sawa. Daktari atasema lini. Lakini mkono usifungwe kwenye shingo kama uliovunjika! Ukiachwa umebanwa, bega linaganda, na mionzi ikija atashindwa kulaza mkono juu ya kichwa, na bila hivyo ni vigumu mashine kupangwa. Kama daktari hajamkataza, kesho yake afumbe na kufumbua kiganja, akunje kiwiko, azungushe mabega, mara 10 asubuhi, mchana na jioni. Mrija ukitoka na daktari akikubali, asimame mbele ya ukuta vidole vikiupanda kama buibui, kila siku juu kidogo. Kuvutika sawa, maumivu makali simama.

20:09 Fatma Fizio: Akihisi kama uzi umekazwa kutoka kwapani kuelekea kiwiko, huo hutokea baada ya tezi kuondolewa na kwa kawaida hulegea kwa mazoezi. Aje nimwone tu. Sindano na kipimo cha presha, mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ukianza kuwa mzito au pete ikambana, hata miaka baadaye, aseme mapema.

20:13 Nesi Atieno: Na chupa ya maji moto asiweke kifuani wala kwapani. Neva za ngozi hukatwa, atakuwa na ganzi mpaka ndani ya mkono, ataungua bila kujua. Mwambieni pia kwamba anaweza kuhisi chuchu ikiwasha ilhali haipo. Asiyeambiwa hudhani amerukwa na akili.

20:17 Shangazi Mwikali: Sasa mtu ukikaa naye unamwambia nini? Mimi hujikuta nasema "utapona tu, jipe moyo."

20:24 Nesi Atieno: Shangazi, ukimwambia ajipe moyo umemfunga mdomo, maana akilia ataonekana amekosa moyo. Sema "pole, niko hapa," halafu nyamaza. Atarudia hadithi ileile ya siku ya majibu mara nne, msikilize mara nne. Usiulize "unahitaji nini?", kwa sababu atasema hakuna. Uliza lenye jibu fupi: "Nikufulie shuka leo au kesho?" "Nikae au niende?"

Yasiyosemwa kabisa: habari za fulani aliyekufa nayo. "Ni titi tu, si ulishazaa." Kumwuliza alikula nini. Na yule wa kuleta dawa ya mizizi afikishe kwa daktari kwanza, kwani baadhi huongeza kuvuja damu.

20:26 Baba Terry: Baba Ciku anauliza atazame au asitazame kidonda.

20:31 Nesi Atieno: Mwenye kidonda ndiye anaamua nani anaona na lini. Mara ya kwanza ni vizuri iwe wakati wa kubadilisha bandeji, nesi yuko, mgonjwa ameketi, maana wengine huishiwa nguvu za magoti. Anaweza kuanza kwa kugusa juu ya nguo. Na mume asikwepe kitanda kwa kuogopa kumuumiza bila kumwambia. Mke ataelewa vingine.

20:33 Mama Brayo: Ciku ana miaka saba. Ameambiwa mama ana homa.

20:37 Nesi Atieno: Homa? Siku akipata mafua atadhani naye anakatwa. Wazazi watumie neno saratani, kisha wamjibu matatu ambayo watoto huogopa hata wasipouliza: hukusababisha wewe, haiambukizi, na shangazi ndiye atakupeleka shule mama akiwa hospitalini.

20:41 Baba Terry: Upande wa pesa: mchango wa SHA (bima ya afya ya serikali) wa mwaka umelipwa, nimeangalia na Baba Ciku. Kesho anafuatilia idhini ya upasuaji iwe imetoka kabla ya kulazwa, si mlangoni Alhamisi. Harambee, naomba hakuna bango lenye picha yake wala jina la ugonjwa mpaka akubali.

20:42 Mama Brayo: Na meseji za humu zisivuke geti.

20:46 Nesi Atieno: La mwisho nipumzike. Wiki mbili bila usingizi, hataki kula, hataki kuona mtu, hiyo si uvivu, kliniki iambiwe. Akisema afadhali afe, msimwache peke yake, nipigieni saa yoyote. Faraja Cancer Support Trust wana washauri na hawatozi. Nairobi Hospice pia, pale kwenye uwanja wa Hospitali ya Kenyatta tangu 1990. Msishtuke na jina, si ya wanaokufa pekee.

20:58 Mama Brayo: Matatu imefutwa. Jumatano jioni, Shangazi Mwikali peke yake, akamsuke mistari mikubwa isiyohitaji kitana, rasta zisinunuliwe mpaka tujue habari ya kemo. Ijumaa, dada yake tu. Daftari la mrija, Terry mkubwa, yeye haogopi damu. Wiki ya pili imejaa. Wiki ya tatu Jumanne na Alhamisi hazina mtu.

20:59 Fatma Fizio: Alhamisi mimi, tufanye ukuta pamoja.

21:03 Baba Terry: Jumanne niandike. Nitasonga ugali.